Maziwa hayasafishi mapafu

Saa kumi na mbili ya asubuhi, mu barabara za Kampemba, bantu ba aina mbili banapishana. Bamoja banaenda ku kazi, bengine banatoka poste ya usiku. Hawa ba pili macho ni nyekundu, midomo imekauka, salopeti imejaa vumbi mpaka ku mabega. Ukibauliza habari ya kazi, jibu ni moja tu: "Tunavumilia."

Leo tunaongea juu ya huyu mutu wa poste ya usiku: pumzi yake, usingizi wake na kinywa chake. Bengi tunatenga hii mambo tatu. Mapafu, tunasema ni kazi ya munganga. Usingizi, tunasema si ugonjwa. Meno, tunangoja mpaka yaume. Kosa iko hapo. Hewa ya muchana na ya usiku inapita njia moja, pua ao kinywa, na njia ikiharibika mwili wote unasikia.

Tuanze na vumbi. Ile unaona mu mwangaza wa jua, pua inakamata sehemu yake kubwa. Ile ya hatari ni ndogo sana, macho hayaioni, na inashuka mpaka chini kabisa ya mapafu. Mawe mengi tunayotoboa na kusaga iko na silika. Silika inaacha makovu ndani ya mapafu. Ugonjwa huo unaitwa silikozi. Mara nyingi unangoja miaka 10 ao zaidi mbele ya kujionyesha, na dawa ya kuuponyesha haiko. Mutu mwenye silikozi anakamatwa pia na kifua kikuu kwa urahisi kuliko bengine. Njo maana baba anaweza kuanza kukohoa wakati alishaacha kazi, na chef wake wa zamani hamujui tena.

Hapa kwetu kuko masemi ya zamani: kunywa maziwa, vumbi itatoka. Tuseme wazi: maziwa inaenda mu tumbo, haiendi mu mapafu. Ni chakula kizuri, lakini haisafishi kifua. Kampuni ikikupa maziwa, kunywa. Ikikupa maziwa pa nafasi ya maske ya kweli na maji ya kulowanisha mawe, ujue umedanganywa. Na lutuku ya mangaribi njo mbaya zaidi: inalegeza koo, na pumzi ya usiku inapata taabu.

Meno nayo inaingia mu kazi. Mu usini ambako shaba inatolewa kwa asidi, kuko ukungu wa asidi juu ya matanki. Ukungu huo unakula meno ya mbele pole pole, zaidi kwa mutu anayepumulia mu kinywa juu pua imeziba na vumbi. Mu 1992, shirika la OMS la utafiti wa kansa liliweka ukungu huo kati ya bitu binavyoleta kansa. Mu 1997 liliweka silika vilevile. Tena kinywa kikikauka, mate inapunguka, na mate njo mulinzi wa kwanza wa meno. Usiku mate inapunguka hata kwa mutu muzima. Kwa hiyo kupiga mswaki mbele ya kulala ni lazima, hata kama umechoka namna gani.

Halafu usingizi. Tunacheka mutu anayekoroma, tunasema: "Huyu analala muzuri!" Hapana. Mutu anayekoroma kwa nguvu, ananyamaza kidogo sawa vile amekufa, kisha anashituka kutafuta hewa, huyo halali: koo yake inajifunga mara nyingi mu usiku moja. Asubuhi kichwa inauma, kinywa imekauka, na muchana anasinzia. Ugonjwa huo unapandisha tansiyo. Sasa muweke mutu huyo ku usukani wa lori kubwa ya mine, ao pembeni ya mashini ya kusaga mawe. Ajali haina huruma kwa mutu mwenye kusinzia.

Ba mama, hapa munaweza kusaidia sana. Nyinyi njo munasikia ile kukoroma. Mumwambie, na mumupeleke kwa munganga. Baba akitoka usiku, muzibe dirisha kwa kitambaa kizito, mutume batoto bacheze mbali, radio inyamaze. Mutu mukubwa anahitaji saa saba za usingizi, hata kama ni muchana. Na salopeti ya kazi isiingie mu nyumba, isifuliwe pamoja na nguo za batoto. Musiikung'ute, muilowanishe kwanza. Vumbi ya mine haina kazi mu kitanda cha mutoto.

Lakini jamaa haiwezi kubeba yote. Sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 inamupa mwajiri muzigo wa matibabu ya mufanyakazi na jamaa yake, na CNSS iko na tawi la magonjwa ya kazi. Siye tunaomba kitu kimoja: vizite ya munganga ya kila mwaka isiwe tu kupigiwa kashe ku karatasi. Bapige picha ya kifua, baangalie meno, baulize: "Unalala namna gani?" Na wewe mufanyakazi, omba kopi ya kila picha, uiweke mu nyumba pamoja na kontra yako. Siku unaacha kazi, omba picha ya mwisho. Bila karatasi, kesho utashindaka kuonyesha kama ugonjwa ulitoka ku kazi.

Na ndugu zetu bakrezeri, bale hawana mwajiri wa kudai? Mulowanishe jiwe mbele ya kulipiga. Kitambaa ku pua haizuie vumbi ile ndogo. Ukikohoa zaidi ya juma mbili, enda ku sentre ya afya: matibabu ya kifua kikuu ni bure.

Shaba ya Katanga imejenga nyumba nyingi, hapa na ng'ambo. Isiwe tunailipa kwa pumzi ya baba zetu. Mutu anayesema kila asubuhi "tunavumilia", aulizwe pia: unapumua muzuri? Ulilala? Meno iko namna gani? Maulizo ile haiombe hata franka moja.