Mufuko wa mawe una karatasi, pipa la mazutu halina

Bei ya mazutu ikipanda asubuhi, wenzetu wa Misisi na Lubichako wanatuuliza sisi wa sindika: nani amepandisha? Tunajibu vile tunajibu siku zote: bato haijafika. Imetoka Kigoma ao haijatoka, imebeba lita ngapi, hatujui. Na wale wa bandari nao hawajui. Shida iko hapo.

Mugodi wenye pompu mbili unakula mazutu usiku na mchana. Pompu ikizima, maji inajaa shimo na kazi ya wiki nzima inapotea. Toka Bukavu ianguke Februari 2025, ziwa ndilo mulango wetu mkubwa. Burundi nayo imekosa mafuta miaka sasa, mpaka watu wa Bujumbura walikuwa wanavuka kuja kuyatafuta Uvira. Kwa hiyo kila pipa linaloshuka pwani linagombaniwa.

Sisi wachimbaji tunajua karatasi. Mufuko wa kasiterite ukitoka kwenye mugodi uliokubaliwa unapimwa, unafungwa etiketi, unaandikwa katika kitabu, na kwa negosia unafungwa etiketi ya pili. Nchi za Maziwa Makuu zilikubaliana hata juu ya cheti cha kuvuka mpaka. (Dhahabu inapita pembeni, tunalijua wote.) Mawe yetu yanafuatwa hatua kwa hatua. Mazutu inayoyachimba, hakuna anayeifuata.

Kule baharini inafuatwa. Toka tarehe 1 Januari 2019, kila meli yenye ukubwa wa tani 5.000 na zaidi, inayosafiri kati ya nchi na nchi, ina lazima ya kuandika mafuta iliyochoma mwaka mzima, ya aina gani, kwa safari ya umbali gani. Hesabu inaenda kwa nchi yenye bendera ya ile meli. Nchi inakagua, inatoa cheti, kisha inatuma kwa IMO, shirika la Umoja wa Mataifa la mambo ya meli, London. Tena meli kuanzia tani 400 ikinunua mafuta inapewa karatasi ya muuzaji, inaichunga miaka 3, na chupa ya mufano wa mafuta yenyewe inawekwa. Walitunga hayo juu ya moshi na hali ya hewa, si juu ya bei. Lakini njia ya kupashana habari iko.

Njia ile inasimama juu ya bendera, na bendera yetu imeibiwa. Mwaka 2019 kamati ya sheria ya IMO ilielezwa kama meli 73 kati ya 84 zenye bendera ya Congo ziliandikishwa bila serikali kujua. Meli kama ile itapeleka hesabu ya mafuta kwa nani, Kinshasa haijui hata kama iko?

Turudi ziwani. Liemba, muzee wa 1913, haifiki tani 5.000. Mabato ya mbao yanayobeba mapipa yetu ndiyo kabisa. Lakini Tanzania ina TASAC, Burundi ina mamlaka yake ya meli, bandari na reli, sisi tuna komiseria ya ziwa. Na mukataba wa ziwa ulisainiwa Dar es Salaam tarehe 12 Juni 2003 na nchi zote nne, Zambia ikiwemo. Unasema juu ya uchafu wa vyombo na juu ya kupashana habari. Kutoka hapo mpaka kutuma ujumbe, «leo bato fulani imetoka Kigoma na lita kadhaa, inakuja Baraka», si mbali.

Leo anayejua ni mwenye muzigo peke yake, na ndiye anapanga bei. Kuna mwezi tulilipa bidon ya lita 20 karibu mara mbili, kumbe mapipa yalikuwa yamelala pwani siku nne. Chupa ya mufano nayo ingetusaidia: mazutu iliyochanganywa inaua pompu, na hakuna wa kushitaki. Kubaya zaidi ni bato kuchelewa. Mapipa na abiria wanapanda pamoja, na usiku ule familia zinasimama pwani bila mutu wa kuwaambia kama imetoka ao haijatoka.

Wawili katika komiti yetu wanakataa. Wanasema kwa Leta kila karatasi inazaa taksi. Hawajakosea sana, tumelipa taksi za kutosha. Ndiyo maana tunaomba hesabu ibandikwe kwenye ubao wa bandari, Baraka na Mboko, bure, kila mutu asome, na isiwe sababu ya kulipisha hata franka moja.

Barua kwa komiseria iko tayari, nakala itaenda kwa mamlaka ya ziwa Bujumbura. Inakosa ushahidi. Mwenye karatasi ya zamani ya kununua mazutu, hata iliyolowa, atuletee: tarehe, bei, na jina la bato kama analikumbuka.