Kumwachia Samaki Si Kumwokoa

Pwani za Bahamas na za kusini mwa Florida, nchini Marekani, zina maeneo mapana ya mchanga na majani ya baharini ambayo maji yake aghalabu hayapiti magoti ya mtu mzima. Maji yanapojaa, huingia humo samaki wa rangi ya fedha aitwaye na wataalamu Albula vulpes. Hutafuta kaa na kamba mchangani, kichwa kikiwa chini na mkia ukitokeza juu. Nyama yake ina miiba mingi, hivyo wavuvi wa mshipi humwinda zaidi kwa burudani kuliko kwa kitoweo. Uwindaji huo ni mgumu, kwani kivuli kikipita au mguu ukitikisa maji, samaki hutoweka.

Tangu mwaka 2013, sheria ya Florida humtaka kila amkamataye samaki huyu amrudishe majini. Wapo wanaodhani kwamba hapo wajibu wa mvuvi umekwisha. Dhana hiyo ina kasoro.

Samaki aliyenaswa hukimbia kwa nguvu zake zote. Misuli yake huhitaji oksijeni kuliko damu inavyoweza kuifikishia, na asidi ya laktiki hulimbikizana mwilini. Akiinuliwa hewani ili apigwe picha, nyuzi laini za matamvua yake hushikamana, naye hukosa pumzi wakati ule ule anapoihitaji zaidi. Mikono mikavu nayo humwondolea ute unaomkinga na maradhi. Akirudishwa majini katika hali hiyo huweza kupinduka, asiweze kuogelea wima, na papa walio karibu hawakawii kumfikia. Uchunguzi uliofanywa Bahamas na kuchapishwa mwaka 2007 ulithibitisha kwamba samaki waliopinduka hivyo waliliwa kwa urahisi zaidi baada ya kuachiwa. Kwa bahati mbaya, mvuvi huwa amekwisha kugeuka, naye humhesabu samaki huyo miongoni mwa waliookolewa.

Yawezekana kusemwa kwamba masharti mengi huharibu burudani. Lakini yanayotakiwa ni machache: kumvuta samaki upesi, kutumia ndoana isiyo na kijino cha nyuma, kulowesha mikono kabla ya kumshika, kumfungua akiwa ndani ya maji, na kumshikilia wima mpaka aogelee mwenyewe. Papa wakionekana, ni heri kuhamia mahali pengine.

Mwanafunzi aliyejifunza darasani jinsi matamvua yanavyofanya kazi anaweza kueleza sababu ya kila sharti hapo juu. Sheria humwamuru mvuvi amwachie samaki; haimwelezi jinsi samaki huyo anavyopumua. Kazi hiyo ni ya elimu, na pasipo elimu hiyo sheria njema huweza kutiiwa kikamilifu huku samaki wakiendelea kufa.