Mjukuu Ajua Mwaka wa Wamaya, Wetu Haujui

Juma lililopita baada ya alasiri mjukuu wangu, msichana wa miaka kumi, alinijia barazani hapa Kibokoni na daftari lake la shule. Walikuwa wamefundishwa habari za Meksiko: nyimbo zake, ngoma zake za marinda mapana na kofia kubwa, na ustaarabu wa Wamaya wa kale. Akanichorea hesabu yao. Nukta ni moja, mstari ni tano, na alama mfano wa kombe la pwani ni sifuri. Kisha akanambia, "Babu, mwaka wa Wamaya ulikuwa na miezi 18 ya siku ishirini ishirini, halafu wakaongeza siku tano."

Nikamuuliza, "Na mwaka wa Waswahili je?"

"Januari mpaka Disemba."

Simlaumu mtoto, wala simlaumu mwalimu wake, ambaye kazi yake ameifanya vizuri. Najua wako watakaouliza mtoto wa Kiislamu wa Mombasa ana haja gani na Wamaya. Mimi si mmoja wao. Mahindi ya sima yetu na pilipili za achari yetu asili yake ni huko Amerika, na Wamaya walisimulia kuwa binadamu aliumbwa kwa mahindi. Sisi twajua ni udongo, lakini kisa cha jirani husikizwa.

Kilichonichoma ni ile hesabu ya mwaka. Manahodha na wakulima wetu walikuwa na mwaka wao wa jua, ulioanzia Siku ya Mwaka, yaani Nairuzi, jina lililotoka Uajemi. Siku walizihesabu kwa miongo, kila mwongo siku kumi. Miongo 36 ni siku 360, na zile tano za mwisho wakiziita gatha. Tazama basi: 18 kwa 20 ni 360, na 36 kwa 10 ni 360, na watu wa pande mbili za dunia, wasiojuana, wote wamebaki na siku tano mkononi! Mwezi wa kuandama ndio wa saumu, Hija na Idi, lakini kila mwaka hurudi nyuma kiasi cha siku kumi na moja, na kusi haingoji Shaabani. Nahodha alitaka kujua pepo zageuka lini, mkulima naye apande lini. Ndipo wakahesabu miongo.

Wako masheikh wasioipenda Siku ya Mwaka kwa mambo yaliyofungamana nayo, nami nawaheshimu. Ila kuhesabu siku si kuziabudu.

Basi nikataka kumwonyesha mjukuu wangu leo tuko mwongo wa ngapi. Sikuweza. Mimi niliyekaa chuoni mpaka nikahitimu, ninayejiita mshairi, nilikwama mbele ya mtoto. Babu yangu akihesabu kwa vidole. Kamba hii haikukatwa na shule wala na Mzungu. Imekatika mikononi mwa rika langu.

Kwenye ngoma tumekosea kwa namna nyingine. Miaka michache iliyopita nilikwenda kutazama mashindano ya shule. Watoto wa shule moja, nisiyoitaja, walicheza chakacha: wasichana wadogo, leso viunoni, mbele ya meza ya waamuzi na ukumbi uliojaa wanaume. Walishangiliwa sana. Bibi mmoja aliyekaa karibu nami alijifunika uso kwa buibui lake. Chakacha ni ya wanawake, harusini, na mlango umefungwa. Ukiitoa mlangoni humo umewafundisha watoto kukata viuno, hukuwafundisha chakacha. Na kirumbizi hakuna aliyekikumbuka, mchezo wa fimbo kwa zumari, ambao mvulana wa miaka kumi angeucheza hadharani bila ya mzazi kuona haya. Kuna na dufu, na kasida ambazo madarasa zetu zinazo tayari. Hazina yote hiyo ipo, nasi tukachagua isiyofaa jukwaani kwa kuwa ndiyo inayopendeza watalii.

Mwaka 2011 UNESCO iliiandika Ngome yetu, Fort Jesus, katika urithi wa dunia. Mwaka huo huo ikauandika muziki wa mariachi wa Meksiko katika urithi usioshikika kwa mkono. Wao waliandikiwa wimbo. Sisi hapa kisiwani tukaandikiwa mawe, tena ya ngome aliyoianza Mreno mwaka 1593.

Mjukuu aliniuliza vitabu vya Wamaya viko wapi. Nikamwambia kuwa mwaka 1562, mahali paitwapo Maní, padri Diego de Landa aliviteketeza kwa moto, na vya zamani vilivyosalia ulimwenguni ni vinne tu. Akasikitika mno. Sikumwambia kuwa vya kwetu hakuna aliyevichoma. Vililiwa na mchwa kwenye masanduku ya urithi, vingine vikauzwa. Tungo za Muyaka bin Haji, mtu wa Mvita hii hii, zilipona kwa kuwa Mwalimu Sikujua alizikusanya na kasisi Taylor akazihifadhi. Na zilipochapwa kitabu, mwaka 1940, zilichapwa Johannesburg.

Mjukuu wangu alidhani Wamaya wamekwisha. Wangaliko, kwa mamilioni, Meksiko na Guatemala, na lugha zao wazisema. Na wanaojua miongo nao wangaliko. Ningependa walimu, wa shule na wa madarasa, wawaite wazee hao darasani, wapewe kiti na saa nzima, na watoto waandike.

Mimi nimempata mmoja, nahodha wa zamani, hapa hapa Mji wa Kale. Nilipomweleza haja yangu alicheka, akaniuliza nilikuwa wapi miaka yote hii. Jumamosi baada ya alasiri tutakwenda kwake, mjukuu na mimi. Amesema tuje na penseli mbili.