Mteja wako wa kitochi, usimzike mapema

Wafanyabiashara wenzangu, naona kwenye magrupu watu wanashangilia habari za kuzima 2G na 3G kana kwamba bando litashuka bei kesho asubuhi. Tulieni kwanza.

Hoja ya makampuni naielewa. Masafa ni kama viwanja vya mjini, haviongezeki. Kipande kile kile kilichokuwa kinabeba 2G, ukikipa 4G kinabeba data nyingi zaidi. Ndiyo maana kule Marekani AT&T, T-Mobile na Verizon wote walizima 3G ndani ya 2022, na serikali ya Afrika Kusini imeweka mwisho wa 2027 kwa 2G na 3G. Sisi nasi tulishaonja kwenye TV. Tarehe 31 Desemba 2012 analojia ilizimwa Dar, mikoa ikafuata, asiye na king'amuzi akabaki kuangalia chenga. Na masafa ya 700 MHz, ambayo zamani yalikuwa ya TV, TCRA iliyapiga mnada Oktoba 2022 wakayachukua watu wa simu.

Sasa njoo Tabora. Mimi nauza asali na karanga mtandaoni, mzigo natuma kwa basi au treni kuelekea Urambo, Kaliua mpaka Kigoma, upande ule ule misafara ya zamani ilipopita kwenda Ujiji. Mteja wangu wa kawaida ni mama ambaye picha ya asali anaiona kwenye simu ya mwanawe. Akiridhika anatoa kitochi chake, anabonyeza nyota mpaka reli, hela inaingia. Mtoto ana bando, mama ndiye mwenye hela!

Ile menyu ya nyota haitaki bando, inapita kwenye mtandao wa zamani. Hata simu janja nyingi ziko hivyo hivyo. Piga simu huku unaangalia juu ya kioo, utaona 4G inageuka H au E. Maana yake simu yako haipigi kwa 4G (wanaita VoLTE), inarudi nyuma kuazima njia. Ikizimwa njia hiyo, una simu janja ya WhatsApp tu.

Kwa hiyo msimamo wangu: kama lazima kitu kizimwe, ianze 3G. Mwenye simu janja atahamia 4G, mwenye kitochi ana 2G yake. 2G iwe ya mwisho kabisa, na atakayefaidika na hayo masafa achangie watu wapate simu mpya kwa bei ya kueleweka. Tusirudie ya Juni 2016, simu feki zilipofungiwa na hasara yote ikabaki kwa mnunuzi.

Na wewe usikae tu. Ukinunua simu ya mtumba ya biashara, usiulize kamera peke yake, weka laini upige palepale uone kama 4G inabaki. Mwenye bodaboda ya mizigo, muulize fundi kile kifaa cha kufuatilia pikipiki kinatumia mtandao gani, vingi ni 2G.

Mimi nimeanza kuandika kwenye daftari pembeni ya kila mteja, K ya kitochi, J ya janja. Sijamaliza, ila K zimeshazidi.