Mugeni wa mtandao anataka neno moja tu

Tarehe 4 Oktoba 2021, WhatsApp, Facebook na Instagram zilizimika pamoja karibu masaa 6. Zote tatu ni za kampani moja, ile inaitwa leo Meta. Sisi watu wa mugodi tunajua namna ile ya maisha. Gécamines ilikuwa inatoa nyumba, masomo, hospitali na unga. Ilipoanguka miaka ya 1990, vyote vilianguka pamoja nayo, na mwaka wa 2003 wafanyakazi zaidi ya 10 000 wakatoka kwa ile njia ya départ volontaire. Leo mambo yote ya sendika, tangu ajali ya shimo mpaka mukutano wa mushahara, tumeyaweka tena mu mufuko moja.

Iko njia ingine: mitandao ya nyumba nyingi, sawa Mastodon, iliyoanzia Ujerumani mwaka wa 2016. Haina bwana moja. Kila nyumba, wanaiita seva, iko na mulinzi wake na sheria zake, lakini nyumba zinasemezana. Moja ikifungwa, zingine zinaendelea.

Mwisho wa 2022, Elon Musk aliponunua Twitter, watu wengi waliingia mule. Wengi walirudi. Juu ya nini? Mugeni anauliza paka neno moja: «Wenzangu wako humo?» Na watu kumi wanamujibu mambo kumi: chagua seva, soma sheria, jifunze maneno mapya. Mama mwenye kungojea habari ya bwana yake wa zamu ya usiku, atasoma yale yote?

Kwa hiyo tunapendekeza ujumbe moja, maneno yale yale, kila delege autume mu grupu yake: «Ingia mu nyumba hii. Fuata akaunti hii ya sendika. Utapata habari ya mugodi hata WhatsApp ikizimika.» Basi. Mambo ya kuchagua nyumba ingine yatakuja nyuma. Mutu anaweza kuhama, na wale wanaomufuata wakaenda naye. Na WhatsApp tusiifute: njo mulango wa kualikia watu, na wengi wananunua paka mega ya WhatsApp.

Lakini tusidanganye mutu. Serikali ikikata intaneti, sawa kisha uchaguzi wa Desemba 2018, Mastodon nayo itanyamaza. Na barua ya mutu kwa mutu kule haina kufuli: mwenye kulinda seva anaweza kuisoma. Majina ya wale wanaotayarisha mugomo, tuendelee kuyasema kwa kinywa, simu ikiwa mbali.