Bieber Hakuibeba "Despacito"

Kuna kauli nimechoka kuisikia: kwamba mwanamuziki asiyeimba Kiingereza ataishia kwao, na kwamba waimbaji wa Kihispania walitoboa siku walipopata nyota wa Kiingereza wa kuwashika mkono. Mara ya mwisho niliisikia katika studio moja Dar es Salaam. Prodyuza alimwambia binti mdogo afute kiitikio chake cha Kiswahili, aandike cha Kiingereza, "kama Despacito ilivyobebwa na Bieber." Binti akakipiga mstari kwenye daftari. Kilikuwa kiitikio kizuri, na mpaka leo kinaniuma.

Luis Fonsi na Daddy Yankee waliutoa wimbo ule Januari 2017. Justin Bieber alikuja Aprili, ukiwa tayari unatamba nchi za Kihispania na umeshaingia chati za Marekani. Sikatai, rimiksi yake ndiyo iliyoufikisha namba moja kule, ukakaa wiki 16. Lakini kwenye kiitikio, Bieber ndiye aliyejikaza kuimba Kihispania. Na ile video iliyotazamwa zaidi ya mara bilioni 8 YouTube, ya mtaa wa La Perla kando ya bahari, ni ya wimbo wa awali. Bieber hayumo.

Tazama Bad Bunny. Alikuwa akiwafungashia wateja bidhaa kwenye supamaketi ya Vega Baja, Puerto Rico, huku akipandisha nyimbo zake SoundCloud. Kihispania chake wala si cha darasani: "s" zinamezwa, "r" inageuka "l", na misimu ya kisiwani ni mingi hadi watu wa Madrid wanaulizana maana. Ni kama Mpemba aimbe Kipemba chake bila kumwonea haya mtu wa Dar. Kwa lugha hiyohiyo aliongoza Spotify duniani kote 2020, 2021 na 2022, na albamu yake El Último Tour del Mundo ikawa ya kwanza ya Kihispania kitupu kushika namba moja kwenye Billboard 200.

Nitaambiwa wasemaji wa Kihispania ni mamia ya milioni. Hata 1999 walikuwa mamia ya milioni, na bado Ricky Martin aliimba Kiingereza ili redio za Marekani zimfungulie. Shakira akafuata 2001 na Laundry Service. Kilichobadilika ni mlinzi wa mlango. Mwaka 2013 Billboard ilianza kuhesabu pia utazamaji wa YouTube kwenye chati yake kuu ya nyimbo. Kijana wa Bronx alipobonyeza simu yake, alihesabiwa, bila kusubiri mtu wa redio aamue.

Mwaka 2025 Bad Bunny alikaa kwao Puerto Rico, jijini San Juan, miezi kadhaa akipiga maonyesho, tisa ya mwanzo kwa wakazi wa kisiwa peke yao, jukwaani kukiwa na nyumba ndogo ya kienyeji na migomba. Albamu yake ya mwaka huohuo ina midundo ya plena na salsa; wimbo wa Baile Inolvidable ulipigwa na wanafunzi wa muziki wa hapohapo. Wageni walikata tiketi za ndege wakamfuata.

Kiitikio cha yule binti nakikumbuka chote. Akikihitaji, nitamwimbia.