Sarafu za kale: Mizani ya dhahabu haitoshi

Mnunuzi wa dhahabu wa Mpanda hupima mambo mawili, uzito na usafi, kisha hutaja bei. Kipimo hicho kimewafaa wafanyabiashara wa Katavi, na masoko ya madini yaliyoanzishwa nchini tangu 2019 yamekiweka wazi zaidi. Hata hivyo, kikitumiwa kwa sarafu za kale kinaweza kumtia mtu hasara kubwa kuliko dhahabu iliyochanganywa shaba.

Mfano ulio karibu uko Tabora, ambako reli ya Mpanda inaelekea kupitia Kaliua. Mwaka 1916, serikali ya kikoloni ya Kijerumani ilipobanwa na vita na kushindwa kupata fedha kutoka Ulaya, karakana ya reli ya Tabora iligeuzwa kiwanda cha sarafu. Dhahabu ya Sekenke ilitumika kupiga sarafu 16,198 za rupia 15, zenye tembo upande mmoja na tai wa Kijerumani upande wa pili. Kila moja ina uzito wa gramu 7.168 na ni ya karati 18, yaani gramu 5.4 hivi za dhahabu safi. Anayeiyeyusha anapata gramu hizo, basi. Katika minada ya Ulaya na Marekani sarafu hiyo huuzwa kwa mara kadhaa ya thamani ya dhahabu iliyomo.

Kinacholetwa sokoni mara nyingi, lakini, si hiyo ya tembo. Ni heller 20 za mwaka huo huo, za shaba nyekundu au shaba ya manjano, zenye taji na herufi D.O.A. Hizi zilipigwa kwa wingi na kwa haraka, kwa vyuma chakavu na mihuri iliyochongwa papo hapo. Taji huenda limeshika upande mmoja tu, au herufi zimefifia tangu siku ya kwanza. Madalali husema "imelika" na kushusha bei. Wengine hudai kwamba kila rupia ya Mjerumani ni utajiri, nao wanapotosha zaidi, kwani heller 20 ya kawaida ina bei ya chini mno kulinganisha na hadithi za vijiweni.

Ni lazima mnunuzi atofautishe chapa hafifu na kuchakaa. Muhuri usiposhuka kwa nguvu ya kutosha, sehemu zilizoinuka hazijai, lakini uso wa chuma hubaki na mng'aro wake wa awali, pengine na mikwaruzo midogo iliyokuwapo kabla ya kupigwa. Sarafu iliyopita mikononi mwa watu hulika hizo hizo sehemu zilizoinuka, nazo huwa laini, bapa na zenye rangi iliyofifia kuliko mabonde yaliyo pembeni. Igeuzwe polepole chini ya taa moja. Mng'aro ukipita juu ya sehemu bapa bila kukatika, kosa ni la mtambo. Ukikatika, ni la mifuko ya watu.

Katika nikeli jambo hili lina uzito wa pekee, maana mchanganyiko wa shaba na nikeli ni mgumu na huchosha mihuri. Heller 10 zenye tundu, zilizopigwa Ujerumani kati ya 1908 na 1914, zilitoka katika viwanda kamili. Hapo chapa hafifu haina kisingizio cha vita kama ile ya Tabora, na mnunuzi ana haki ya kupunguza bei. Marekani wamefika mbali zaidi. Senti 5 yao ya Jefferson, iliyoanza 1938, ina picha ya nyumba yenye ngazi, na wakusanyaji huhesabu ngazi hizo kwa kioo cha kukuzia. Mwaka 1953 San Francisco ilipiga zaidi ya milioni 19, lakini zenye ngazi kamili ni chache mno, na bei zake haziko karibu hata kidogo na za wenzake.

Mwekezaji mdogo asikimbilie kunakili hayo. Senti 50 ya Tanzania yenye sungura, iliyoanza 1966, ni shaba na nikeli, na nzuri isiyotumika inafaa kuwekwa. Zile za mwisho wa miaka ya 1980 ni chuma kilichofunikwa nikeli. Sumaku huzinasa mara moja. Lakini Mpanda hakuna mnada wa sarafu, na mtaji wa kununulia mpunga au mahindi ya msimu haupaswi kulala ndani ya kopo ukimngoja mkusanyaji wa Hamburg.

Mizani ibaki mezani kwa kazi yake nyingine, kutambua bandia. Rupia 15 iliyopungua sana gramu 7.168, au ambayo upana wake hauko karibu na milimita 22, irudishwe. Zilizomiminwa kwenye kalibu huwa na vitundu vidogo na alama zilizolainika kila mahali kwa kiasi kimoja, jambo ambalo muhuri wa Tabora, kwa ubovu wake wote, haukulifanya. Na isisuguliwe kwa majivu wala ndimu kabla ya kuonyeshwa kwa mnunuzi, kwa sababu mng'aro wa kwanza ukishaondoka hakuna fundi wa kuurudisha, na bei huondoka nao.